Umbile la mishipa ya ubongo na kiharusi: Lipi la kuzaliwa, lipi la kurithi?

Wiki hii tunalijibu swali ambalo limekuwa likiulizwa sana tangu vipimo vya CT-Scan na MRI vilipoanza kupatikana katika hospitali zetu nyingi. Mgonjwa anapigwa picha ya kichwa, majibu yanaandikwa kwa Kiingereza, na mahali fulani chini ya karatasi panasomeka kwamba mshipa fulani wa ubongo ni mwembamba tangu kuzaliwa, au haupo kabisa. Karatasi inafika nyumbani, kijana anayejua lugha anaitafsiri, na kuanzia hapo nyumba haina amani. Wapo wanaosema, "Kumbe ndiyo sababu baba alipooza." Wapo wanaoanza kuwatazama watoto na kujiuliza nani karithi. Na wapo wale wanaonitia hofu zaidi, wanaosema kwamba madhali ndivyo walivyoumbwa, basi vidonge vya presha havina kazi tena.

Tatizo ni kwamba mambo matatu yamechanganywa. Lipo umbile ambalo mtu huzaliwa nalo. Yapo maradhi ambayo hurithiwa katika ukoo. Na yapo madhara ambayo mishipa huyapata baadaye, mtu akiwa mkubwa. Mtu anaweza kuwa na moja kati ya hayo na asiwe na mengine. Tukiyatenganisha, karatasi ile itasomeka vingine.

Njia nne na barabara ya kuzunguka

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kama kilo 1.4, yaani takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia kama moja ya tano ya hewa safi ya oksijeni inayobebwa na damu. Nao hauna ghala. Damu ikikatika kwa sekunde chache mtu huzimia, na ikikatika kwa dakika kadhaa, sehemu iliyokosa damu huanza kufa.

Damu hiyo hupanda kwa mishipa minne. Miwili iko mbele ya shingo, kulia na kushoto, nayo huitwa karotidi. Ukiweka vidole taratibu upande mmoja wa koo, chini ya taya, utausikia ukipiga. (Usibonyeze pande zote mbili kwa pamoja.) Miwili mingine hupanda nyuma, ndani ya matundu ya mifupa ya shingo, kisha hukutana na kuwa mshipa mmoja. Chini ya ubongo mishipa hii yote huunganishwa na vijishipa vidogo, ikawa kama pete. Kutoka kwenye pete hiyo ndipo yanapotoka matawi yanayoingia ndani ya ubongo.

Anayeijua Dar es Salaam ataelewa upesi. Mjini huingiwa kwa barabara nne kubwa: Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa. Barabara za Sam Nujoma na Mandela huziunganisha zote nne. Njia ikifungwa Kimara, mzigo wa Magomeni unaweza kuingia kwa Barabara ya Nyerere, ukakata Mandela hadi Ubungo, ukashuka. Lakini njia ikifungwa hapo hapo Magomeni, ndani ya mzunguko, Mandela haikusaidii kitu. Ushike mfano huu, tutaurudia.

Pete hii inaitwa duara la Willis, kwa jina la Thomas Willis, tabibu wa Oxford, Uingereza, ambaye mwaka 1664 alichapisha kitabu cha umbile la ubongo chenye michoro ya Christopher Wren, yule aliyekuja kuwa mjenzi mashuhuri wa London. Willis hakuwa wa kwanza kuliona duara hilo, lakini alilieleza vizuri kuliko waliomtangulia na akauliza lina kazi gani. Aliingiza maji yenye wino katika karotidi ya upande mmoja akaona rangi inatokea upande wa pili. Tena akaeleza habari za mtu aliyefariki kwa maradhi ya tumbo, ambaye alipopasuliwa karotidi yake moja ilikutwa imeziba kabisa na kuwa ngumu kama mfupa, ilhali hakuwahi kupooza katika uhai wake. Mshipa wa nyuma wa upande ule ule ulikuwa umetanuka kuliko kawaida. Damu ilikuwa imepata njia nyingine.

Kabla ya hapo, kwa zaidi ya miaka elfu moja, matabibu wengi wa Mashariki na Magharibi walinakili maneno ya Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya pili, aliyesema kwamba chini ya ubongo wa binadamu kuna wavu wa ajabu wa mishipa. Wavu huo upo kweli, lakini kwa ng'ombe, kondoo na mbuzi tunaowachinja Idi. Binadamu hana. Hata hivyo maradhi yenyewe waliyajua vyema. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu chake cha al-Qanun alizungumzia sakta, ambapo mtu huanguka na kupoteza fahamu ghafla, na faliji, ambapo upande mmoja wa mwili hupooza. Wazee waliosoma vitabu vya tiba vya Kiarabu wanayajua maneno haya mawili.

Duara la kitabuni na duara lako

Katika vitabu vya shule duara huchorwa limetimia, pande zote sawa. Kwa hakika, tafiti nyingi zimelikuta limetimia hivyo kwa chini ya nusu ya watu. Wengine wote wana kasoro ya namna fulani: kijishipa cha kuunganisha hakipo, au kipo chembamba kama uzi, au mshipa wa mbele wa kushoto ni mnene na wa kulia ni mwembamba. Mishipa miwili ya nyuma ya shingo nayo ni nadra kulingana, na mara nyingi wa kushoto ndio mkubwa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, yumkini duara lako halijatimia, na langu pia. Wengi wa watu hao huishi hadi uzeeni bila kupata kiharusi.

Kasoro hizi hutoka wapi? Nyingi hutoka tumboni mwa mama. Mtoto akiwa bado mimba changa, sehemu ya nyuma ya ubongo wake hulishwa na karotidi. Baadaye mishipa ya nyuma ya shingo hukua na kuichukua kazi hiyo, na ile njia ya zamani husinyaa. Kwa baadhi ya watu haisinyai, wakabaki nayo utu uzima. Daktari wa picha akiandika kwamba mgonjwa ana mshipa wa nyuma "wa kimimba", maana yake ni hiyo. Si uvimbe na si ugonjwa, wala mama hakukosea kitu wakati wa ujauzito.

Na hapa pana jambo linalowashangaza wengi. Kuzaliwa na kitu si lazima uwe umekirithi. Pacha wa yai moja, ambao urithi wao wa jeni ni ule ule, wamepigwa picha na mara nyingi duara zao zimekutwa hazifanani. Kwa hiyo ukiona katika karatasi ya baba kwamba kijishipa fulani hakipo, hiyo si habari ya watoto wake. Binti asikataliwe posa kwa karatasi hiyo.

Umbile linapokuwa na uzito

Je, basi umbile halina maana yoyote? Lina maana, tena wakati mwingine kubwa, lakini huwa ni shahidi na msaidizi zaidi kuliko kuwa mwenye kosa. Turudi barabarani. Karotidi ikiziba shingoni kwa mafuta na chokaa vilivyojikusanya kwa miaka, hapo ni Kimara pamefungwa. Mwenye duara lililotimia anaweza kupona kama yule mgonjwa wa Willis, au akapata kiharusi kidogo. Asiye na kijishipa cha kuunganisha anaweza kupoteza sehemu kubwa ya ubongo. Kilichoziba mshipa si umbile. Kilichoziba ni presha, sukari, sigara na mafuta mabaya. Umbile limeamua tu hasara iwe kiasi gani.

Bonge la damu likitoka kwenye moyo wenye mapigo yasiyo na mpangilio, likapita duara na kukwama ndani ya tawi, hapo ni Magomeni. Hata mwenye duara zuri kuliko wote halitamsaidia sana. Na kiharusi cha damu kuvuja ndani ya ubongo, ambacho barani kwetu Afrika huchukua sehemu kubwa kuliko katika nchi tajiri, mara nyingi hutokana na vijishipa vyembamba vya ndani kabisa ambavyo vimechakazwa na presha ya miaka mingi hadi vikapasuka. Duara haliwezi kuvizuia visipasuke. Anayeacha vidonge kwa sababu ya karatasi ya umbile ameacha dawa ya ugonjwa mmoja kwa sababu ya habari za kitu kingine.

Kwa wenye njia ile ya mimba, bonge lililotoka kwenye karotidi linaweza kwenda nyuma ya ubongo na kumpofua mtu nusu ya uwezo wake wa kuona, jambo ambalo daktari asingelitarajia kutoka kwenye karotidi. Ndiyo maana mtaalamu wa picha huliandika. Anamwandikia daktari mwenzake, hasa yule atakayepasua shingo kusafisha mshipa, si kuitisha familia.

Kwa mwenye mshipa mmoja mwembamba nyuma ya shingo, baadhi ya tafiti zimelikuta umbile hilo zaidi miongoni mwa waliopata kiharusi cha nyuma ya ubongo, hasa wakiwa na presha au sukari. Mimi ninachomwambia mtu kama huyo ni kimoja: aachane na wale vinyozi ambao wakimaliza kunyoa hukukamata kichwa na kukinyonga kulia na kushoto hadi shingo ilie. Kunyonga shingo ghafla kumehusishwa na kuchanika kwa ukuta wa ndani wa mishipa ya shingo, bonge likajijenga pale palipochanika, na kiharusi kikafuata hata kwa kijana. Kwa kweli ushauri huu ni wa kila mtu, maana hakuna anayeijua mishipa yake kabla ya kukaa kwenye kiti cha kinyozi. Mwambie akusugue mabega, inatosha.

Yale ambayo kweli hutembea katika ukoo

Sasa tufike kwenye urithi wenyewe, kwani upo.

La kwanza ni puto la mshipa, ambalo matabibu huliita anurizimu. Ukuta wa mshipa hudhoofika mahali mishipa inapogawanyika, ukavimba kama mpira wa baiskeli uliochoka. Mara nyingi hutokea kwenye duara hilo hilo la Willis. Hapa umbile huchangia: pale ambapo mishipa miwili ya mbele haikulingana, damu hupiga kwa nguvu upande mmoja, na maputo ya mbele hukutwa zaidi kwa watu hao. Kama watu 3 kati ya 100 wazima wana puto, na mengi hayapasuki maisha yote. Lakini likipasuka ni hatari kubwa sana. Dalili yake ni kichwa kuuma ghafla, ndani ya sekunde au dakika moja, kwa ukali ambao mtu hajawahi kuuona, pengine na kutapika, shingo kukaza au kuzimia. Wengine hupata onyo kabla: kope la jicho moja linaanguka ghafla na mboni inatanuka. Hayo si ya kusubiri kesho.

Puto hutembea katika baadhi ya koo. Ikiwa ndugu wawili au zaidi wa karibu kabisa, yaani mzazi, ndugu wa kuzaliwa naye au mtoto, wamepata puto au damu kuvuja namna hiyo, waliobaki waongee na daktari kuhusu kupigwa picha. Ndugu mmoja tu, au shangazi wa mbali, kwa kawaida haitoshi kumpima kila mtu. Hali kadhalika ukoo wenye ugonjwa wa kurithi wa figo kujaa vifuko vya maji: kama mmoja kati ya kumi wenye ugonjwa huo hukutwa na puto. Na katika koo zote hizo, sigara na presha ndivyo vinavyoongeza hatari ya kupasuka.

La pili linatuhusu zaidi, nalo ni siko seli, ambayo wengine huiita selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wa ugonjwa huu duniani. Inakadiriwa watoto 11,000 huzaliwa nao kila mwaka. Wazazi wengi wanajua maumivu ya mifupa na kuishiwa damu. Wachache wanajua kwamba ugonjwa huu hushambulia mishipa mikubwa ya ubongo mahali pale pale inapokutana na duara, ikaanza kuwa myembamba mtoto akiwa bado mdogo. Utafiti wa Marekani ulionesha kwamba pasipo kinga, kama watoto 11 kati ya 100 wenye aina kali ya ugonjwa huu hupata kiharusi kabla ya kufika miaka 20. Mtoto wa miaka mitano anaamka mkono hauinuki, na mtaa mzima unasema ametupiwa jini.

Kiharusi hiki huweza kuzuiwa. Kipo kipimo cha mawimbi ya sauti kinachowekwa kwenye panja, ambapo mfupa ni mwembamba, nacho hupima kasi ya damu ndani ya mishipa. Hakina sindano wala maumivu. Kasi ikifikia sentimita 200 kwa sekunde, mtoto yuko hatarini. Utafiti mwingine wa Marekani uliotoka mwaka 1998 ulionesha kwamba kuwaongezea damu watoto hao kwa mpangilio hupunguza viharusi kwa zaidi ya asilimia 90. Pale ambapo kuongeza damu kila mwezi ni kazi ngumu, dawa ya haidroksiyurea hutumika. Mzazi wa mtoto wa siko seli aulize kliniki anakotibiwa kuhusu mambo haya mawili, kipimo na dawa, asisubiri aambiwe.

Na kwa vijana wanaotaka kuoana, hasa wa ami na wa mjomba ambao damu yao ni moja, kipimo cha siko seli kifanyike mapema, kabla ya mahari kuzungumzwa na kadi kugawiwa. Wenye chembe za ugonjwa wote wawili, kila mimba yao ina uwezekano wa robo moja wa kuzaa mtoto mgonjwa. Saudi Arabia ilikifanya kipimo hicho kuwa sharti kabla ya ndoa mwaka 2004. Hapa kwetu tunakiona ni kumtilia mtu shaka.

Hai na Dar es Salaam

Kuna utafiti mmoja wa kwetu ambao huwa nawatajia wanaosema kiharusi ni cha ukoo. Kati ya 2003 na 2006 wataalamu waliwahesabu waliopata kiharusi kwa mara ya kwanza katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na katika eneo moja la jiji la Dar es Salaam. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai walikuwa kama 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 316. Karibu mara tatu. Sioni namna ambavyo maumbile ya mishipa yatofautiane kiasi hicho kati ya shamba na mji, wakati wakazi wengi wa mji wametoka shamba. Kilichobadilika ni chumvi, unene, kukaa kitako, presha isiyopimwa na sukari isiyotibiwa.

Kwa hiyo presha ipimwe hata kama huumwi. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi kwa vipimo vya siku tofauti, hiyo ni presha. Vidonge vyake havimezwi hadi kichwa kitulie. Humezwa kila siku. Katika Ramadhani usiache. Dawa nyingi za presha siku hizi ni za mara moja kwa siku, zinaweza kumezwa kwenye futari au daku. Onana na tabibu wako mwezi wa Shaaban akupangie, usisubiri mpaka mwezi uandame.

Uso ukipinda upande mmoja, mkono au mguu ukilegea, maneno yakikokota au yakakatika, au jicho likiacha kuona ghafla, mpeleke hospitali saa ile ile, hata dalili zikiondoka zenyewe baada ya dakika kumi. Mlaze ubavu. Usimpe maji wala uji, koo linaweza kuwa limepooza akapaliwa. Usimpe asprini nyumbani, kwani hakuna awezaye kujua kwa macho kama ni mshipa ulioziba au uliopasuka, na ikiwa umepasuka utamwongezea damu kuvuja. Dawa ya kuyeyusha bonge, katika hospitali chache zilizo nayo, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na saa moja ya kupiga simu kwa ndugu wote imo ndani ya hizo. Anayetaka kusoma dua amsomee njiani.

Mkifika, mwambieni daktari mara ya mwisho mgonjwa alionekana mzima saa ngapi, anameza dawa gani, na kama kuna ndugu wa karibu aliyepata puto la mshipa, figo za vifuko vya maji au siko seli. Kama ana karatasi ya zamani ya CT-Scan au MRI, hata ile iliyowatisha, nayo ichukuliwe.